Firauni Ameingia Sebuleni

Wenye watoto, wenye shule, wenye kompyuta inayokula vumbi sebuleni: sogeeni. Nimeiona gemu! Si ya risasi, si ya mpira, si ya magari ya mbio. Ni gemu ya kujenga mji wa Misri ya kale, kibanda kwa kibanda, kisima kwa kisima, mpaka siku unaposimamisha piramidi na nyumba nzima inapiga makofi. Inaitwa Pharaoh: A New Era, na tangu niifungue sina habari nyingine. Majirani wamenichoka. Fundi wangu wa viatu, ambaye hakuuliza, sasa anajua mastaba ni nini na piramidi ni nini.

Nianze na ukoo wake, maana gemu hii ina mzazi. Mwaka 1999 kampuni ya Impressions Games ya Marekani ilitengeneza Pharaoh, ikauzwa na Sierra, na mwaka uliofuata ikaja nyongeza yake ya Cleopatra. Waliokuwa na kompyuta enzi zile za skrini ya chogo wanaikumbuka vizuri. Baadaye Wafaransa wa Triskell Interactive wakaichora yote upya kwa mkono, wakaunganisha gemu na nyongeza yake kuwa kitu kimoja chenye kazi zaidi ya 50, na kampuni ya Dotemu ikaitoa kwa ajili ya kompyuta Februari 2023. Mimi ndiyo kwanza imenifikia. Nimecheza miji ya mwanzo, nimewakalisha watoto mbele yake, na haya nayaandika yangali ya moto.

Tuanze na macho, maana ndiko watoto wanakoanzia. Mji unautazama kutoka juu kwa pembe, vilevile kama zamani, ila sasa kila nyumba imechorwa kwa utulivu wa mtu anayeipenda kazi yake. Sogeza karibu umwone msukuma mkokoteni akipeleka nafaka ghalani. Huyu hapa mama wa sokoni na kikapu chake. Zimamoto anazunguka na ndoo. Kwenye njia panda kuna mtu anarusha mipira hewani na kuidaka, anawaburudisha wapita njia. Watu wenyewe hawafikii ukubwa wa ukucha, lakini kila mmoja ana pa kwenda na ana kazi yake. Muziki wa gemu ya zamani, ule wa Keith Zizza, umepigwa upya, na nawaapia, juzi nimeuacha unaendelea mwenyewe huku nakuna nazi jikoni.

Lakini uzuri wa macho tumeuona kwenye magemu mengi. Kilichoninyanyua kitini ni jinsi hii inavyomfundisha mtoto Misri kuanzia tumboni.

Sisi tulifundishwa Misri kuanzia juu. Mfalme fulani, miaka fulani KK, piramidi fulani, halafu mtihani: taja na ueleze hoja sita za mchango wa Misri katika ustaarabu wa dunia. Tukakariri, tukafaulu, tukasahau. Hapa mtoto anakabidhiwa ukingo mtupu wa mto na kuambiwa, haya, watu wanakuja, walishe. Piramidi haijengwi mpaka ghala lijae. Ghala halijai mpaka shamba livunwe. Shamba halivunwi mpaka Mto Nile ufurike, na Nile haisikilizi amri ya aliyeshika kipanya. Mtoto anaingia akitaka piramidi, anajikuta usiku mzima anahangaikia visima. Na hapo ndipo historia inapomwingia.

Unaanzia Nubt, kijiji cha Misri ya Juu ambacho wanaakiolojia wanakijua zaidi kwa jina la Naqada. Mmoja wao, Flinders Petrie, alichimba huko mwaka 1894 na 1895, akafukua makaburi zaidi ya 2,000, mengi ya watu walioishi kabla Misri haijawa na mfalme mmoja. Kwenye gemu pia Firauni hajazaliwa. Kuna jangwa, kuna mto, kuna mbuni wanaokimbia ovyo na wawindaji wanaowafukuza. Unagawa viwanja, watu wanahamia na mizigo yao, kisha wanaanza kudai. Maji. Nyama. Zimamoto, upesi, maana vibanda vya mwanzo vinashika moto kwa jua tu la mchana.

Mpwa wangu wa darasa la tano alipanga vibanda vyake kwenye mistari minne iliyonyooka, akaweka ghala, akaweka soko, akakunja mikono kusubiri mji ukue. Haukukua. Nyumba za mbele zilipendeza, za nyuma zikabaki vibanda vilevile. Akabofya nyumba mojawapo ya nyuma, nayo ikamwambia kwa nini: hapa hawapati chakula kutoka sokoni. Basi akaweka kidole kwenye skrini na kumfuata mama wa sokoni hatua kwa hatua. Mama akatoka na kikapu, akafika njia panda, akakata kushoto, akaenda zake hadi machimbo ya udongo ambako hakuishi mtu hata mmoja, akageuka, akarudi. Chakula kilikuwepo. Barabara ndiyo ilikuwa inakipoteza. Mtoto akaweka kizuizi kwenye ile njia ya kushoto, mama akakosa pa kupotelea, akaingia mitaa ya nyuma, na nyumba moja baada ya nyingine zikapanda daraja mbele ya macho yetu. Kelele aliyopiga ilimtoa bibi yake chumbani.

Sasa niambieni, ni kitabu gani kingemwonyesha mtoto wa miaka kumi na moja kwamba mji unaweza kufa njaa huku ghala limejaa?

Na mto wenyewe, jamani! Mashamba bora yapo kwenye ukanda ule mweusi kandokando ya maji. Kila mwaka mafuriko yanapanda, yanafunika mashamba yote, mtoto anashika kichwa akidhani amepoteza kila kitu. Huku kwetu ukisikia mafuriko unafikiria bonde la Jangwani, Dar es Salaam, na daraja lililofungwa. Kisha maji yanashuka, ardhi inabaki imenenepa, mazao yanatoka mara dufu. Wazee wa Rufiji wanaolima mlau, yaani wanaosubiri mto upungue ndipo wapande kwenye unyevu uliobaki, wangeicheza gemu hii bila maelekezo. Na mafuriko hayaji sawasawa kila mwaka. Ujumbe unakuja mapema ukitabiri: mwaka huu yatakuwa mazuri, mwaka huu yatakuwa haba. Mtoto mwenye akili anapopata utabiri mbaya anafunga mkono, anaacha kuuza nafaka nje, anajaza ghala. Asiye na akili anajenga bustani.

Wamisri wenyewe walipima. Kule Abu, kisiwa ambacho Wagiriki walikiita Elephantine, bado kuna ngazi za mawe zenye alama za kusomea kimo cha maji. Plinius, mwandishi wa Kirumi wa karne ya kwanza, ameeleza hesabu yake: maji yakipanda dhiraa 12 ni njaa, 14 watu wanachangamka, 16 ni raha tupu. Dhiraa nne tu kati ya njaa na raha! Nilimwambia mpwa wangu hivyo, akaniuliza maji yenyewe yanatoka wapi, tukafungua ramani. Sehemu kubwa ya yale mafuriko ilishuka kutoka milima ya Ethiopia baada ya mvua za kati ya Juni na Septemba. Nile Nyeupe, inayotoka Ziwa Victoria pale Jinja, haikuleta mafuriko makubwa, ila ndiyo iliyoufanya mto usikauke wakati wa kiangazi. Mtoto mwenye shangazi Mwanza akaliangalia ziwa la shangazi yake kwa heshima mpya. Bwawa Kuu la Aswan, lililokamilika mwaka 1970, liliyakomesha mafuriko hayo, na kwenye skrini yako ndipo unapoyaona tena yakipanda na kushuka.

Kuna jambo lingine linalotuhusu sisi zaidi ya wengine. Watoto wetu wengi, wa madrasa na wa shule ya Jumapili, wanamjua Firauni mmoja tu, yule aliyemkimbiza Musa akamezwa na bahari. Mtu akizidisha dhuluma mtaani tunamwita Firauni na kila mmoja anaelewa. Kisa hicho kina mahali pake. Lakini mfinyanzi wa Misri, karani, mchoma matofali, mke wa mvuvi, hao hawamo kabisa vichwani mwetu. Gemu inawaleta wao kwanza. Mfalme mwenyewe ni wa barua tu: leo anadai hiki, kesho kile, na ukichelewesha, heshima yako kwake inashuka.

Chukua tofali. Mtoto anataka mastaba, lile kaburi pana la matofali ya udongo walilozikiwa wakubwa kabla ya piramidi. Kiwanda cha matofali kinadai vitu viwili, udongo na majani makavu. Udongo unachimbwa karibu na maji, hilo rahisi. Majani je? Yanatoka kwenye mashamba ya nafaka, baada ya mavuno. Kwa hiyo mwaka wa mafuriko mabaya unakosa chakula, na matofali nayo yanasimama. Tulipofika hapo, rafiki wa mpwa wangu, mtoto wa mzee wa kanisa, akaruka: "Kumbe ndiyo maana Firauni aliwanyima Waisraeli majani!" Nikabaki mdomo wazi. Sura ya 5 ya Kutoka nimeisikia ikisomwa tangu utotoni, na sikuwahi kujiuliza majani yanaingiaje kwenye tofali. Hapo gemu haimtaji Musa. Mtoto ameunganisha mwenyewe, kwa sababu saa moja nzima kiwanda chake kilikuwa kimesimama kwa kukosa majani.

Halafu mawe. Hapa ndipo nilipotaka kupanda juu ya meza.

Filamu zimetuzoesha watumwa, mijeledi na wasimamizi wenye vifua wazi. Hata Herodotus, Mgiriki aliyefika Misri miaka zaidi ya 2,000 baada ya Khufu, mfalme wa piramidi kubwa ya Giza, alisimulia habari za watu 100,000 waliokuwa wakipokezana kuijenga. Gemu inatumia kambi za kazi. Kutoka kambini wanatoka vibarua, na vibarua haohao ndio wanaolima wakati wa kilimo na kuburuta mawe kwa sleji maji yanapofunika mashamba. Ukiwapeleka wote kwenye mnara wa kifalme wakati wa kupanda, utakula jiwe. Ukiwaacha wote shambani, kaburi la mfalme halisogei. Mtoto anaanza kuhesabu miezi kama mkulima. Anaona kwa nini kazi ya piramidi ilikwenda na kalenda ya mto.

Na wachimbaji wa kweli wamekuta nini? Mwaka 1990 farasi alijikwaa kwenye ukuta wa matofali ya udongo karibu na piramidi za Giza, na chini yake yakafichuka makaburi ya wajenzi, wamezikwa kwa heshima jirani na mfalme wao. Watumwa wa kuchapwa hawapewi eneo hilo. Mark Lehner na wenzake wamefukua mji mzima wa wafanyakazi hapo chini, wenye matanuri ya mikate na mifupa mingi ya ng'ombe, kondoo na mbuzi. Kisha mwaka 2013, kwenye bandari ya kale ya Wadi al-Jarf katika Bahari ya Shamu, kikosi cha Pierre Tallet kikapata mafunjo ya zamani kuliko yote yenye maandishi yaliyowahi kuonekana. Miongoni mwake ni daftari la kazi la mtu aitwaye Merer, msimamizi wa mabaharia. Anaandika siku kwa siku: leo tumepakia mawe machimboni Tura, leo tumelala njiani, leo tumefika Giza. Yale mawe meupe ya chokaa yalikuwa ya kuvika piramidi ya Khufu, ile yenye kimo cha mita 146 ilipokuwa mpya na matofali ya mawe yapatayo milioni 2.3. Unaona? Zaidi ya miaka 4,500 iliyopita kulikuwa na mtu mwenye boti, ratiba na mabosi. Mtu kama huyo ndiye unayemwongoza kwenye gemu. Niliposoma habari za Merer kwa sauti huku kwenye skrini mawe yakipakuliwa, watoto walinyamaza, na kwa watoto wale kunyamaza ni tukio.

Sijafika Giza bado, niseme ukweli. Nimechungulia orodha ya kazi zilizo mbele na mate yananitoka. Ipo Meidum. Ipo Dahshur ya kusini, ambako piramidi ya Sneferu, baba yake Khufu, imepinda katikati kwa sababu wajenzi walianza na mteremko mkali wa nyuzi 54 hivi, wakaona hatari, wakaupunguza hadi 43. Ipo Dahshur ya kaskazini ambako hatimaye walipata sawasawa. Baba mmoja, piramidi tatu, na bila makosa ya zile mbili za mwanzo mtoto wake asingejenga ile kubwa. Mtoto atakayeyapitia hayo kwa mikono yake hatasema tena kwamba piramidi zilijengwa na viumbe kutoka angani.

Ipo pia Sawu, bandari iliyotuma merikebu kwenda Punt. Punt ilikuwa kusini, upande wa Pembe ya Afrika, na vipimo vya kikemia vya nyani waliokaushwa na Wamisri vinaelekeza huko. Malkia Hatshepsut alichorisha safari aliyoituma huko kwenye kuta za hekalu la Deir el-Bahari, karne ya 15 KK: nyumba zilizoinuliwa juu ya nguzo na kupandiwa ngazi, miti ya manemane ikibebwa kwenye vikapu na mizizi yake, nyani wakikwea kamba za merikebu. Pale Sawu kwenyewe, ambapo leo ni Mersa Gawasis, Kathryn Bard na Rodolfo Fattovich walikuta mapango yenye kamba za meli bado zimeviringishwa vizuri sakafuni, kama mabaharia walivyoziacha. Kwa mtoto wa pwani ya Bahari ya Hindi, kujua kwamba Misri ya kale ilikuwa ikitazama kusini, ikitamani uvumba na pembe za ndovu za Afrika, ni jambo la kumfanya akae wima.

Kasoro? Zipo. Ya kwanza inaniuma: haina Kiswahili. Maelezo ni mengi, na yote kwa lugha za mbali. Mtoto wa shule ya msingi atahitaji mtu mzima pembeni wa kumsomea, walau mwanzoni. Maandishi mengine ni madogo, na kwenye skrini ndogo ya laptopu unakunja uso. Haichezeki kwenye simu, na hilo linawaacha nje watoto wengi wanaoweza kuipenda kuliko wangu. Mashabiki wa ile ya 1999 wananung'unika kwamba vita vimepunguzwa: badala ya kuwapanga askari uwanjani, pambano linajiamulia lenyewe. Mimi nasema afadhali. Vita vipo kwenye magemu tele.

Miaka nayo inakimbia mno. Mwezi unapita ukinywa mafunda mawili ya chai, na mtoto anaweza kuamini kwamba mastaba ilijengwa katika misimu miwili. Mkumbusheni. Piramidi ya Khufu ilichukua miongo.

Na wazazi wataniuliza juu ya miungu. Ndiyo, wamo watano: Osiris wa mafuriko, Ra, Ptah wa mafundi, Seth wa vita na Bast wa nyumbani. Unawajengea mahekalu, unawafanyia sikukuu, na ukimsahau mmoja anakuadhibu. Osiris akinuna mto unapungua. Bast akinuna maradhi yanaingia majumbani. Kwetu tulilisema mapema kabla ya kuwasha kompyuta: hivi ndivyo walivyoamini wao, sisi tuna imani yetu, tunachezea historia yao. Watoto walielewa mara moja, pengine kuliko watu wazima. Na ukitaka kuwaelewa Wamisri bila hofu yao kwa mto, hutawaelewa. Pombe ya shayiri nayo imo, kwa sababu ndiyo waliyolipwa wafanyakazi pamoja na mkate. Sikuificha.

Mtu atauliza kwa nini nisisifu ile Discovery Tour ya Ubisoft, iliyotoka mwaka 2018, yenye ziara 75 za kutembea Misri ya enzi za Cleopatra bila kupigana na yeyote. Naisifu! Ni nzuri ajabu, na mwalimu anayeweza kuipata aipate. Lakini humo mtoto ni mtalii. Anaonyeshwa, anaelezwa, anasonga mbele. Kwenye Pharaoh amepewa uenyekiti wa mtaa, na mtaa una njaa, una moto, una mama wa sokoni anayepotea njia, na malalamiko yote yanakuja kwake. Nimewaona watoto wakitoka kwenye ziara na picha nzuri vichwani. Kutoka Nubt wametoka wakibishana, na ubishi wao ulikuwa juu ya visima na barabara.

Walimu, nina neno na ninyi. Msidhani mpaka kila mtoto awe na kompyuta. Moja inatosha, ikiunganishwa na projekta ukutani, na darasa ligawanywe kwa wizara. Kundi la maji, kundi la chakula, kundi la matofali, kundi la hazina linalohesabu deben, ile fedha ya mji. Atakayeshika kipanya habofyi kitu mpaka wizara zikubaliane. Mtaona wizara ya matofali ikienda kuibembeleza wizara ya chakula kwa ajili ya majani makavu. Mtaona hazina ikinyima kila mtu. Mji ukianguka, na utaanguka, zimeni skrini na ulizeni swali moja: nini kilianza kukosekana? Hapo ndipo mfungue kitabu cha historia, kile kile mlichonacho, na sura ya Misri itasomeka kwa hamu, kwa sababu sasa wana jambo wanalolitafuta ndani yake. Mshike muda pia. Gemu hii ina tabia ya kusema "vuno moja tu, halafu tulale", na mavuno yakija, mafuriko nayo yako njiani.

Kuhusu pesa: inauzwa kwenye duka la mtandaoni la Steam, na Steam hushusha bei mara kwa mara, kwa hiyo asiye na haraka asubiri punguzo. Kuipakua kunakula bando, fanyeni usiku. Baada ya hapo mtandao hauhitajiki sana, kinachohitajika ni umeme na subira.

Hukumu yangu ya awali: 9 kati ya 10, na hiyo moja nimeikata kwa ajili ya Kiswahili. Triskell, kama kuna mtu wenu anasoma, wapo wafasiri wengi wazuri Dar es Salaam, Zanzibar, Nairobi na Mombasa wa kuifanya kazi hiyo. Ninyi wengine, anzeni Nubt. Msimrukishe mtoto kwenda Giza hata akilia. Mwacheni kwanza ahangaike na visima.